Saa za Kale za Mfukoni kwa Matumizi ya Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamhusu mtu anayetaka kununua saa ya kale ya mfukoni na kuitumia, si kuiweka kabatini. Sehemu kubwa inazungumzia saa za Marekani zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1890 na 1940, kwa kuwa ndizo ninazoziona zinamfaa zaidi anayeanza.

Je, saa yenye umri wa miaka mia moja inaweza kweli kutumika kila siku?

Inaweza, na ndiyo kazi iliyotengenezewa. Saa bora ya mfukoni ya zama zile ilikusudiwa kutiwa ufunguo kila asubuhi, kubebwa kutwa nzima na mtu aliye kazini, na kupelekwa kwa fundi kila baada ya muda ili isafishwe. Adui zake wakubwa ni mafuta yaliyokauka, unyevu na kuanguka. Saa iliyoepushwa na hayo matatu huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu kuliko mmiliki wake anavyodhani. Lipo sharti moja tu ambalo ningependa msomaji alishike kabla ya yote: uchague saa kwa ajili ya mashine yake na kwa uwezekano wa kuitengeneza, si kwa uzuri wa kasha lake. Makasha mazuri yenye mashine zilizokufa ni mengi mno sokoni, na wanunuzi wapya ndio wanaoyabeba.

Nianze na saa ya aina gani?

Anza na saa ya Marekani ya Waltham, Elgin, Hamilton au Illinois, yenye vito 15 au 17 (nitavieleza hapo chini), inayotiwa ufunguo kwa kifundo cha juu. Sababu yake ni ya kihistoria. Kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Waltham ilianza mwaka 1850 huko Roxbury, Massachusetts, kisha ikahamia mji wa Waltham mwaka 1854, ikiwa na wazo ambalo watengenezaji wengi wa Ulaya hawakulifuata wakati huo: kwamba vipande vya saa vikatwe kwa mashine kwa vipimo vilevile, ili kipande kilichovunjika kibadilishwe kwa kingine cha aina yake bila kuanza kuchonga upya. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Waswisi walimtuma mhandisi Jacques David kuyachunguza mambo hayo, na taarifa aliyorudi nayo iliwashtua wenzake hadi wakaanza kubadilisha namna yao ya kufanya kazi. Mnunuzi wa leo bado anakula matunda ya wazo hilo. Elgin peke yake, iliyoanzishwa mwaka 1864 katika jimbo la Illinois, ilitengeneza takriban saa milioni 60 katika maisha yake, kwa hiyo springi, mihimili, akrabu na vioo vya saa hizo bado vinapatikana, na mashine mbovu zinazouzwa kwa ajili ya vipuri ni nyingi.

Saa za Uswisi za Longines, Omega na Zenith ni nzuri sana, na baadhi yake zimetengenezwa kwa ustadi kuliko saa nyingi za Marekani za bei ileile, ila kupata kipuri chake kunaweza kuchukua muda. Saa za Kiingereza zenye kasha la fedha zina uzito na haiba yake, lakini nyingi hutiwa ufunguo kwa ufunguo halisi wa pembeni, na vipande vyake vilisawazishwa kwa mkono kimoja kimoja, jambo linalomfanya fundi alazimike kuchonga kipande kila kinapovunjika. Hizo ziache kwanza. Ziache pia saa za bei rahisi kama zile za Ingersoll, ambazo tangu mwaka 1896 ziliuzwa kwa dola 1. Zilimpa mtu wa kawaida saa yake mwenyewe, na kwa hilo zinastahili heshima, lakini hazina vito na hazikuundwa kwa nia ya kufunguliwa na kutengenezwa mara kwa mara.

Saa za reli ni zipi, na kwa nini zinasifiwa hivyo?

Hizi ni saa zilizotimiza masharti ya kampuni za reli za Amerika ya Kaskazini. Reli nyingi za huko zilikuwa na njia moja tu, na treni zilizokuwa zikielekeana zilipishana kwa kufuata ratiba. Dereva aliyechelewa dakika chache bila kujua aliweza kuua watu. Mnamo Aprili 1891, treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na watu wakafa. Habari iliyosambaa ni kwamba saa ya mmoja wa wafanyakazi wa treni ilikuwa imesimama kwa takriban dakika 4 kisha ikaendelea kwenda bila mwenyewe kutambua. Baada ya ajali hiyo, Webb C. Ball, sonara na mfanyabiashara wa saa wa Cleveland, alipewa kazi ya kuandaa utaratibu wa kuzikagua saa za wafanyakazi wa reli, na utaratibu huo ukaenea katika kampuni nyingine.

Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, masharti ya reli nyingi yalifanana: saa iwe na uso wazi usio na kifuniko, iwe ya saizi 16 au 18 (kipimo cha mashine, nitakieleza hapo chini), iwe na vito visivyopungua 17, uso mweupe wenye tarakimu nyeusi zinazosomeka haraka, kifundo kiwe upande wa tarakimu ya 12, iwe imerekebishwa kwenda sawasawa ikiwa imewekwa katika mikao 5 tofauti na katika joto na baridi, na isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Mfanyakazi alitakiwa kuipeleka kwa mkaguzi mara kwa mara, naye aliandika kwenye kadi jinsi ilivyokuwa ikienda.

Mtu akizisoma sharti hizo kwa utulivu, ataona kwamba ni maelezo kamili ya saa ya kubeba kila siku. Kwa anayeweza kumudu bei, saa ya Hamilton yenye mashine ya aina ya 992, au Bunn Special ya Illinois, ni ununuzi ambao sijui mtu aliyeujutia. Hamilton 992B, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1940, inaongeza jambo moja kubwa: springi nyembamba inayoongoza gurudumu la mizani, yaani lile linaloyumba huku na huku kupima mwendo wa saa, imetengenezwa kwa aloi ya jamii ya Elinvar, ambayo haibadiliki sana kwa joto. Mtaalamu aliyegundua aloi za namna hiyo, Charles Édouard Guillaume, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Kwa sisi tunaoishi penye joto kali mchana na kiyoyozi ofisini, manufaa yake ni ya dhahiri.

Vito vinafanya kazi gani?

Vito ni vipande vidogo vya yakuti, ama vya asili katika saa za zamani zaidi au vilivyotengenezwa kiwandani katika zile za karne ya 20, ambavyo hutobolewa ili ncha za mihimili zizunguke ndani yake bila kulika. Saa yenye vito 7 ina vito kwenye gurudumu la mizani na sehemu zinazogonga tu. Yenye 15 au 17 ina vito pia kwenye magurudumu yanayozunguka haraka. Yenye 21 au 23 imeongezewa vingine kwenye sehemu zenye msuguano mdogo. Tofauti kati ya 7 na 15 ni kubwa kwa mtumiaji. Tofauti kati ya 17 na 23 ni ndogo, na saa safi ya vito 17 huishinda saa chafu ya vito 23 bila shaka yoyote. Thamani ya vito vyenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba saa ni ghali kwa sababu ina yakuti ndani.

Saizi 12, 16 na 18 maana yake nini?

Ni kipimo cha mashine, si cha kasha. Saizi 18 ni karibu milimita 45, saizi 16 ni milimita 43, na saizi 12 ni karibu milimita 40. Kasha huongeza milimita kadhaa. Saizi 18 ni nzito na nene, ilifaa makoti mazito. Saizi 12 ni nyembamba na ilipendwa na watu wa mjini kuanzia miaka ya 1910 na 1920. Kwa suruali ya kisasa na shati jepesi, hiyo ndiyo inayokaa vizuri zaidi.

Nitajuaje mwaka saa ilipotengenezwa?

Soma namba iliyochorwa kwenye mashine yenyewe, siyo ile iliyo kwenye kasha. Huko Marekani, kwa miaka mingi mashine na makasha vilitengenezwa na kampuni tofauti, na mteja alichagua mashine na kasha dukani kisha sonara akaviunganisha; kwa sababu hiyo namba ya kasha haisemi chochote kuhusu umri wa mashine. Orodha za namba za kampuni kubwa zimehifadhiwa na zinapatikana bure mtandaoni, na Chama cha Kitaifa cha Wakusanyaji wa Saa cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1943 na chenye jumba lake la makumbusho huko Columbia, Pennsylvania, kimefanya kazi kubwa ya kuyatunza maarifa hayo. Kwa saa za Kiingereza mambo ni kinyume: kasha la fedha hugongwa muhuri wa ofisi ya ukaguzi, kwa mfano nanga ya Birmingham, pamoja na herufi ya mwaka, na herufi hiyo hukupa mwaka wa kasha kwa uhakika.

Muuzaji anasema kasha ni la dhahabu. Nimwamini?

Usimwamini mpaka usome maandishi ya ndani ya kifuniko. Kasha likiandikwa "Warranted 20 Years" au "25 Years", si dhahabu tupu. Ni madini ya kawaida yaliyobanwa katikati ya matabaka membamba ya dhahabu, na miaka hiyo ni muda ambao mtengenezaji aliahidi kwamba tabaka halitalika. Makasha hayo ni mazuri na imara, na mimi nayapendelea kwa matumizi ya kila siku, mradi yauzwe kwa bei yake halali. Tazama kingo, kifundo na pete ya kuning'inizia, maana hapo ndipo shaba huanza kuonekana. Vilevile, majina kama "Silveroid" na "Silverine" yanasikika kama fedha lakini hakuna fedha ndani yake. Ni mchanganyiko wa nikeli na shaba, ambao kwa bahati njema hauharibiki upesi.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Omba picha ya mashine ikiwa wazi. Muuzaji anayekataa kufungua kasha, au anayesema hajui linavyofunguliwa, mwache na saa yake. Katika picha tafuta kutu, skrubu zilizochunwa vichwa, na alama za kucheza kwa bisibisi, kwa kuwa alama hizo hueleza ni mikono ya namna gani iliyopita humo. Angalia pia ukingo wa ndani wa kasha: ukiona alama za skrubu mahali ambapo sasa hakuna skrubu, mashine hiyo imehamishwa kutoka kasha jingine. Si kosa la kuikataa saa, lakini ni sababu ya kupunguza bei.

Ukiishika mkononi, izungushe taratibu bila kuitia ufunguo. Gurudumu la mizani linapaswa kuyumba huku na huku kwa wepesi kisha litulie polepole. Likisimama ghafla, ncha ya mhimili huenda imevunjika. Itie ufunguo kidogo, isikilize ikiwa imelala kifudifudi, ikiwa imelala chali, kisha ikiwa imesimama wima. Saa inayoenda katika mkao mmoja tu haiendi. Uso wa enameli wenye nyufa nyembamba kama nywele ni jambo la kawaida kwa umri huo na haudhuru mwendo, ila ubanduke usiwe mkubwa. Neno "inafanya kazi" katika tangazo la mauzo lina maana finyu sana. Lenye thamani ni "imesafishwa na kutiwa mafuta", likifuatana na tarehe na uthibitisho wa fundi. Pasipokuwa na hilo, hesabu gharama za fundi kuwa sehemu ya bei, na ujue kwamba zinaweza kuipita bei ya saa yenyewe.

Je, saa yenye tarakimu zinazong'aa gizani ni salama?

Nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mnunurisho (mionzi) ambayo huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Rangi hiyo mara nyingi haing'ai tena kwa kuwa kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechakaa, lakini radiamu yenyewe ingalipo. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini. Usiifungue, usiikwangue, na kwa matumizi ya kila siku chagua nyingine.

Niitie ufunguo mara ngapi? Je, naweza kuizidisha?

Mara moja kwa siku, asubuhi, kwa saa ileile, mpaka usikie kifundo kimekaza, kisha uache. Saa nyingi huenda zaidi ya saa 30 kwa ufunguo mmoja, lakini springi husukuma kwa nguvu iliyo sawa zaidi mwanzoni, na ndiyo maana asubuhi ni bora: saa inakuwa na nguvu yake wakati inapotikiswa na mwendo wako. Ile dhana kwamba saa imekufa kwa sababu ilizidishiwa ufunguo si ya kweli. Saa iliyojaa ufunguo na haiendi ina mafuta yaliyoganda au ina kipande kilichovunjika. Ufunguo haukuwa na hatia.

Kifundo kinatia ufunguo lakini hakigeuzi akrabu. Imeharibika?

Pengine haijaharibika hata kidogo. Saa nyingi za reli huwekwa kwa wenzo mdogo uliofichwa, ili kifundo kikivutwa kwa bahati mbaya kisibadilishe saa. Fungua pete ya kioo cha mbele kwa kuizungusha, tazama ukingo wa uso karibu na tarakimu ya 1 au 2, vuta wenzo huo kwa ukucha, geuza kifundo, kisha urudishe wenzo kabla ya kufunga. Usivute kifundo kwa nguvu.

Itakuwa sahihi kiasi gani?

Gurudumu la mizani hugonga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku, kwa hiyo hata saa inayopotea nusu dakika kwa siku inafanya kazi ya kustaajabisha. Saa ya vito 15 au 17 iliyosafishwa ikipotea chini ya sekunde 30 kwa siku, ridhika nayo. Saa ya reli iliyo katika hali njema inaweza kushuka chini ya sekunde 10. Kabla ya kugusa kisahihishi, yaani kile kiwenzo cha ndani cha kuharakisha au kupunguza mwendo, andika tofauti kila asubuhi kwa wiki nzima, na usiku uiweke katika mkao uleule kila siku, wima kwenye kistendi ikiwezekana. Saa inayozidi kila siku kwa kiasi kilekile ni njema, maana inasahihishika. Inayozidi leo na kupungua kesho inahitaji fundi.

Niibebe wapi ikiwa sivai suti?

Kizibao ndicho kilichokuwa makazi yake, na hapa pwani mwenye kuvaa kizibao juu ya kanzu ana mfuko unaofaa hasa. Mkufu hupitishwa kwenye tundu la kifungo, kipande chake cha msalaba kikibaki ndani. Asiyevaa kizibao ana mfuko mdogo wa mbele wa suruali ya jinzi, uliowekwa tangu zama za suruali hizo kwa ajili ya saa, na humo saizi 12 huingia vizuri. Mfuko wa shati haufai, kwa sababu ukiinama tu saa iko sakafuni.

Jambo lisilo na mjadala ni mkufu au kamba ya ngozi. Saa hizi zilitengenezwa kabla ya kinga za mtikisiko kuenea, na ncha za mhimili wa mizani zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuanguka mara moja kutoka kimo cha kiuno kwenye vigae kunatosha kuzivunja. Kagua pete ya kuning'inizia kila mara, kwani ikilika mkufu hausaidii. Mfuko wa saa usiwe na funguo, sarafu wala simu.

Simu inadhuru vipi?

Kwa sumaku iliyo kwenye spika, kwenye vifuniko vya simu na kwenye chaja za kuwekea juu. Springi nyembamba ya chuma ikiingiwa na sumaku, mizunguko yake hushikana, na saa huanza kukimbia dakika nyingi kwa siku. Sogeza dira karibu na mashine inayokwenda. Sindano ikitetemeka, saa imeingiwa. Fundi huiondoa sumaku kwa kifaa maalumu kwa muda mfupi, kwa hiyo usikubali kuuziwa matengenezo makubwa kabla ya hilo kujaribiwa.

Naishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Hewa ya bahari haitaimaliza?

Itaimaliza usipochukua tahadhari. Makasha haya hayazuii unyevu, na chumvi ya hewani ikichanganyika na jasho huipa kutu springi na mihimili ya chuma. Kasha lenye vifuniko vya kukaza kwa kuzungusha huziba vizuri kuliko la bawaba. Usiivae unapofanya kazi ya kutoa jasho, ifute kwa kitambaa kikavu jioni, na usiku iweke ndani ya kisanduku chenye vipakiti vya kukausha unyevu. Wapwani wazisafishe saa zao kila baada ya miaka mitatu hivi, ilhali wa bara kavu wanaweza kufika mitano.

Nimpate vipi fundi anayeaminika?

Muulize maswali kabla ya kumkabidhi. Je, huifungua saa yote na kuosha kila kipande, au huipulizia tu mafuta? Ana mafuta ya aina zaidi ya moja, kwa kuwa springi na mizani havitumii mafuta ya aina moja? Ataweza kukuonyesha springi aliyoibadilisha? Mafundi wazee waliozoea saa za kutia ufunguo bado wapo mijini, na wengi hufurahi kuletewa mashine ya namna hii baada ya miaka ya kubadilisha betri. Mlipe ipasavyo na usimharakishe.

Naweza kuiweka kwa saa za Kiswahili?

Unaweza, bila madhara yoyote. Akrabu ya dakika haibadiliki. Ya saa huelekezwa upande wa pili wa uso.

Imeingia maji. Nifanye nini?

Usiikaushe kwa joto, usiizike kwenye mchele, na usiiache kwa matumaini kwamba itakauka yenyewe, kwa sababu kutu huanza kuonekana kwenye springi ndani ya siku moja au mbili. Fungua vifuniko vyote unavyoweza kuvifungua bila zana, itikise kidogo maji yatoke, usiitie ufunguo, na uifikishe kwa fundi siku hiyohiyo. Yakiwa maji ya bahari, mpigie simu ukiwa njiani, aanze kuandaa vyombo vya kuiosha.